Ngoro Ndani ya Mguu: Mhadhara Kuhusu Kuotesha Mfupa



Nimekuja na mfupa. Ni wa paja la ng'ombe. Niliununua wiki iliyopita buchani hapahapa Mbinga mjini, nikauchemsha mpaka mafuta yakaisha, nikauanika juani, kisha seremala akanipasulia kwa msumeno kutoka juu hadi chini. Upitisheni mikononi, msiogope, hauumi. Katikati mtaona bomba tupu lenye ukuta mgumu. Humo ndimo uboho ulimokuwa, na kila aliyewahi kugonga mfupa wa nyama kwenye sahani anapafahamu. Sasa tazameni kichwani, karibu na goti. Pale hakuna bomba. Pana kitu kama sega la nyuki, vijumba vidogo visivyohesabika, kila kimoja kimefunguka kwa jirani yake.

Kahawa hii niliyokaribishwa na Mwenyekiti naidondoshea hapa juu. Matone matatu tu, nyingine nitakunywa. Mmeona? Imezama. Geuzeni upande wa pili: imetokea huku.

Leo nina neno moja, na mengine yote ni maelezo yake. Mfupa hauungwi kwa gundi. Mfupa unaoteshwa. Anayetaka kuuotesha lazima kwanza autengenezee shamba lenye matundu, kama haya mliyoyaona yakinywa kahawa.

Walimu wa sayansi, jaribio hili mnaweza kulifanya darasani bila maabara. Chukueni mifupa miwili ya paja la kuku. Mmoja uloweni kwenye siki kwa wiki nzima. Mwingine uchomeni kwenye moto mkali mpaka uwe mweupe kabisa. Wa siki utakunjika kama mpira, kwa sababu siki imeyeyusha madini ikaacha nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Wa motoni utabaki na umbo lake lakini ukiubana kwa vidole unasagika kama chaki: nyuzi zimeungua, madini yamebaki. Madini hayo ni ya kalsiamu na fosfeti, na kwa uzito ni karibu theluthi mbili za mfupa mkavu. Jina lake la kitaalamu ni haidroksiapatiti. Mfupa ni ndoa ya hivi viwili, kimoja kinazuia kuvunjika na kingine kinazuia kupinda.

Lakini mfupa wa kuku aliyechinjwa umekufa, na wenu uko hai. Ndani yake zimo seli zinazobomoa na seli zinazojenga, zinafanya kazi usiku na mchana, na kwa mtu mzima karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Ndiyo maana mfupa uliovunjika unaweza kupona bila kovu, jambo ambalo ngozi hailiwezi. Damu humwagika pale palipovunjika, ikaganda. Mishipa midogo na seli huingia kwenye lile donge. Baada ya wiki mbili au tatu donge hugeuka kuwa kitu laini kama gegedu la sikio, kisha taratibu hupata madini na kukomaa. Miezi na miaka inayofuata ni ya kuchonga na kusawazisha.

Kijijini kwetu alikuwepo mzee aliyeunga mifupa. Alikuwa na mabanzi ya mianzi, kamba za magome, na kuku. Kuku huyo alivunjwa mguu siku moja na mgonjwa, akafungwa dawa ileile, na siku alipoanza kutembea vizuri mgonjwa naye alifunguliwa. Nilipokuwa chuoni nilimcheka. Sasa simcheki sana, maana mzee yule alikuwa na kitu ambacho watafiti wengi hukikosa, yaani mnyama wa kulinganishia kwa kila mgonjwa. Kosa lake lilikuwa la hesabu. Mguu wa kuku huunga kwa wiki tatu hivi; muundi wa mtu mzima huhitaji miezi minne, mara nyingine zaidi. Wagonjwa wake walikuwa wanasimama kwa saa ya kuku.

Shida yetu ya leo ni mfupa ambao hauna jirani wa kuungana naye. Muundi, yaani huu mfupa wa mbele ya mguu chini ya goti, umefunikwa na ngozi tu. Upapaseni mtaona, hauna nyama ya kuulinda. Pikipiki ikianguka, ndio unaotoboa ngozi na kuchungulia nje. Kipande kikipotea, au kikioza kikatolewa na daktari, linabaki pengo. Pengo dogo mwili hulijaza wenyewe. Likizidi kipimo fulani, kila ncha hujifunga kivyake kama njia iliyokatwa na mto, na mfupa hugoma kuunga hata ukiusubiri miaka mitatu.

Nalisema hili nikiwa na kaka yangu moyoni. Alianguka na bodaboda kwenye kona moja ya kuteremkia ziwani. Alilala nyumbani siku ya kwanza na ya pili kwa sababu fedha ilikuwa inatafutwa. Alipofikishwa kituo cha kwanza, jeraha lilioshwa juujuu, akafungwa hogo juu ya uchafu, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi, harufu ilimtangulia mlangoni. Kilichotolewa mguuni mwake kilikuwa na urefu wa kidole changu hiki cha kati. Na kipande kingine, ambacho kingeweza kumsaidia, kilibaki barabarani siku ileile ya ajali. Nitakirudia kipande hicho kabla sijakaa.

Pengo kama lile ndilo linalohitaji kile ambacho wataalamu wa nchi nyingine wamekipa jina la jukwaa, kwa kuazima kwa mafundi wa ujenzi: vile vijiti na mbao ambazo fundi husimama juu yake akipaka lipu. Naona waliazima vibaya. Jukwaa la fundi hung'olewa nyumba ikiisha, na halijawahi kumlisha mtu. Mimi nitaliita kiunzi. Na kama wataalamu hao wangefika Litembo kabla ya kufika maabara, nadhani wangeliita ngoro.

Wenyeji mnajua nasema nini, lakini mhadhara huu utachapishwa na utasomwa na watu wa Dodoma na Tanga, kwa hiyo mniruhusu. Mmatengo, mwenyeji wa milima hii, analima kwenye mteremko ambao mgeni anauogopa hata kuupanda kwa miguu. Mwezi wa Machi, mvua zikielekea ukingoni, majani yaliyoota katika shamba lililopumzika hufyekwa kwa nyengo na kuachwa yanyauke. Kisha hupangwa mistari, mingine ya kushuka na mingine ya kukatiza, mpaka mlima mzima ukawa na miraba kama daftari la hesabu. Baada ya hapo, na hii kwetu ilikuwa kazi ya mama na bibi, udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya majani. Linabaki shimo la upana wa mita moja na nusu hivi, limezungukwa na matuta, na tumboni mwa kila tuta mmelala majani. Hiyo ndiyo ngoro. Maharage hupandwa juu ya tuta, na msimu wa mvua unaofuata hufuata mahindi. Mvua ikinyesha, shimo hukamata maji na udongo. Majani huoza polepole na kulisha mizizi. Mvua zikiisha mavuno yapo na mlima bado uko mahali pake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja kuusoma ufundi huu miaka ya 1990, na bibi yangu alishangaa kwamba mtu anaweza kupanda ndege kuja kutazama shimo.

Sasa rudini kwenye mfupa. Kiunzi kizuri kina matundu yanayowasiliana, maana tundu lililozibwa pande zote ni kisima kisicho na mlango: damu haiingii. Tundu likiwa jembamba kuliko sehemu moja ya kumi ya milimita, seli hupita lakini mishipa ya damu hupata shida. Watengenezaji wengi hupenda mara tatu ya hapo, yaani kama nywele tatu au nne zikilazwa ubavu kwa ubavu. Kiunzi kinatakiwa kushika mahali pasiporomoke wakati seli zinapanda kuta zake. Na kinatakiwa kioze. Hapa ndipo akili nyingi zimetumika. Chokaa ya plasta, ambayo mganga wa Kijerumani Dreesmann aliijaza kwenye mifupa iliyotobolewa na kifua kikuu tangu mwaka 1892, huyeyuka kwa wiki chache tu. Mfupa unageuka nyuma unakuta tuta limekwisha. Haidroksiapatiti iliyookwa sana inakaa miaka mingi. Ni sawa na mtu aliyefukia magogo ya mkaratusi kwenye ngoro badala ya majani. Ipo aina nyingine ya fosfeti ya kalsiamu inayoondoka kwa miezi kadhaa hadi mwaka mmoja au miwili, na hiyo ndiyo inayokaribia mwendo wa mfupa wenyewe.

Kushika mahali na kuoza kwa wakati bado hakutoshi kukiita kiunzi hai. Uhai, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kwamba kiunzi kinazungumza na seli. Mwaka 1967 mhandisi wa kauri wa Chuo Kikuu cha Florida, Larry Hench, alikuwa ndani ya basi akienda mkutanoni. Aliyekaa naye alikuwa kanali wa jeshi la Marekani aliyetoka vitani Vietnam, ambako alikuwa ameona vijana wengi wakikatwa miguu. Hench akamweleza habari za kauri zake zinazostahimili mionzi. Kanali akamuuliza kama angeweza kutengeneza kitu ambacho mwili wa binadamu ungekistahimili. Hadi wakati huo chuma na plastiki vilivyowekwa mwilini vilizungushiwa ukuta wa kovu, kama mgeni anayepewa chumba cha nje.

Miaka miwili baadaye Hench alikuwa na kioo. Asilimia 45 ilikuwa silika, asilimia 24.5 soda, asilimia 24.5 chokaa, na asilimia 6 fosfeti. Kwa lugha ya nyumbani: mchanga, magadi, chokaa na kiasi kidogo cha kile tunachokinunua kwenye mfuko wa mbolea, vyote vimeyeyushwa pamoja. Daktari mwenzake, Ted Greenlee, aliviweka vipande vyake kwenye mapaja ya panya. Baada ya wiki sita alijaribu kuvitoa, vikakataa. Vilikuwa vimeshikana na mfupa wenyewe. Sababu yake ni nzuri kuijua: kioo hiki kikiguswa na majimaji ya mwili huanza kuyeyuka usoni, kikajivika utelezi wa silika, na juu ya utelezi huo kalsiamu na fosfeti hujipanga kuwa madini yaleyale ya mfupa. Kolajeni ikifika inakuta kama kwao. Tena chembe zinazomeguka kutoka kwenye kioo huziamsha seli za kujenga. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu kitumike kwa binadamu, kwa kazi ndogo sana, kwenye vimifupa vya ndani ya sikio.

Kuna habari nyingine inayotuhusu zaidi, ingawa haisimuliwi sana. Mwaka 1974 wanasayansi wawili wa chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Della Roy na mwenzake Linnehan, walieleza namna ya kugeuza tumbawe la baharini kuwa haidroksiapatiti kwa joto, mgandamizo na maji yenye fosfeti, bila kuharibu matundu yake. Tumbawe linalofaa sana ni lile la jamii iitwayo Porites. Matundu yake yanawasiliana, kama ya mfupa huu mlioshika. Tumbawe hilohilo ndilo lililochongwa na mafundi wa Kilwa mamia ya miaka kabla: walilikata likiwa bichi kutoka majini, laini, wakachora mihrabu na fremu za milango, kisha likakauka na kuwa gumu. Wale mafundi walijua kwamba jiwe lenye matundu ni jepesi na linakubali mkono. Ila naomba mtu yeyote asitoke hapa akaenda Kilwa kuvunja miamba. Viunzi vya leo hutengenezwa kwa unga wa maabara, vingine kwa mashine inayochapa tabaka juu ya tabaka.

Nimesifu vya kutosha. Viunzi hivi vinavunjika kama sahani. Ukimpa mtu kiunzi cha kauri kwenye muundi ukamwambia akanyage, umemuua mara ya pili. Lazima kuwe na chuma cha kubeba uzito mpaka mfupa ukomae. Wengine walijaribu kuongeza protini inayoziita seli, ambayo Marshall Urist aliigundulia njia mwaka 1965, na mwaka 2002 Marekani iliruhusu sifongo ya kolajeni iliyoloweshwa protini hiyo. Ikawa ghali mno, na mwaka 2008 mamlaka ya nchi hiyohiyo ikaonya kwamba ikitumika kwenye shingo inaweza kuvimbisha koo. Tuta likiwekewa mbolea kupita kiasi linatoa majani, si maharage.

Na sisi je? Mnaniuliza kwa macho, nawaona. Tunayo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, lakini kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000. Karibu zaidi tuna hospitali za misheni, Litembo, Peramiho na Liuli kule ziwani, na ya mkoa Songea. Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazotumia msumari wa SIGN, uliobuniwa na shirika la Lewis Zirkle la Marekani tangu 1999, ambao daktari anaweza kuuingiza ndani ya mfupa bila mashine ya eksirei kuwaka wakati wa upasuaji. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa watu zaidi ya 200 waliovunjika muundi ukatoboa ngozi: nusu waliwekewa msumari wa ndani, nusu vyuma vya nje, vile ambavyo wagonjwa wenyewe huviita antena. Baada ya mwaka mmoja, vifo na kurudiwa upasuaji havikutofautiana sana. Nilipousoma nilijifunza jambo moja: tunabishana sana kuhusu chuma, ilhali kinachoamua mengi ni hali ya shamba.

Kwa mwenye pengo, njia inayotufaa kwa sasa si kioo cha Hench. Ni ya Mfaransa Alain-Charles Masquelet, aliyeibuni miaka ya 1980. Daktari hulisafisha pengo, hulijaza saruji ya upasuaji, mara nyingi yenye dawa ya kuua vijidudu, na kusubiri wiki sita hadi nane. Mwili hauipendi saruji, huizungushia utando. Utando huo, ambao tulizoea kuuona kama uadui, una mishipa ya damu na una protini zinazoita mfupa. Saruji hutolewa, utando huachwa kama mfuko, na ndani yake hujazwa chembe za mfupa zilizokwanguliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Nyonga ina vyote: matundu, seli hai na wito. Hakuna kiwanda duniani ambacho kimeishinda. Ubaya wake ni kwamba nyonga ni shamba dogo, likichimbwa halijai haraka, na huuma.

Hapo ndipo viunzi vya kutengenezwa vitakapotufaa, kuongezea pale ambapo nyonga haitoshi, na sioni sababu visitengenezwe nchini. Kule Ngurdoto, Arusha, kituo cha utafiti kimetumia kwa miaka mingi mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja floridi kwenye maji, ile inayopinda miguu ya watoto. Ni kalsiamu na fosfeti ileile. Kutoka mkaa wa kuchujia maji hadi unga wa kuweka mwilini ni safari ndefu ya usafi na vipimo, lakini mahali pa kuanzia tunapo: katika kila bucha la Mbinga wanatupa mifupa kwa mbwa. Na ninaposema hivi sisemi kwamba mtu asage mfupa nyumbani apake kwenye kidonda. Atakufa.

Kabla hamjauliza kuhusu supu ya kongoro: kalsiamu iliyomo ni kidogo sana. Usipa wa Ziwa Nyasa, wanaoliwa wazima na miiba yao, wanaipita supu hiyo mbali. Na sigara inachelewesha mfupa kuunga. Hiyo nawaambia vijana.

Kiunzi chochote, cha kioo, cha tumbawe au cha nyonga, kikiwekwa kwenye jeraha chafu kinakuwa kiota cha vijidudu, maana nao wanapenda matundu. Tafiti za Marekani zilionyesha miaka mingi iliyopita kwamba waliopewa dawa ya kuua vijidudu ndani ya saa 3 baada ya mfupa kutoboa ngozi walioza wachache kuliko waliochelewa. Saa 3, ndugu zangu. Kutoka Mbamba Bay kuja hapa sasa ni lami, kilomita 66 hivi. Kaka yangu alichukua siku mbili.

Kwa hiyo vijana wa bodaboda, ninyi ndio mnaofika wa kwanza kabla ya sisi wote. Msiurudishe mfupa ndani kwa mikono. Funikeni jeraha kwa kanga safi, fungeni mguu kwenye kipande cha mbao au mwanzi bila kukaza mpaka vidole vikapoa, na mkumbuke saa ya ajali mkaitaje hospitalini. Na mkiona kipande cha mfupa kimedondoka barabarani, kama kile cha kaka yangu, msikitupe wala msikioshe mtoni. Kifungeni kwenye kitambaa safi, mje nacho.